Uzingativu: Stadi ya kuituliza akili katikati ya pilikapilika za kila siku

NI jambo la kawaida siku hizi kumwona mtu ameketi mezani akila, mkono mmoja ukiwa na tonge na mwingine ukiwa na simu. Ukimwuliza chakula kilikuwa na ladha gani, atababaika, kwa sababu kinywa kilikuwa kikitafuna lakini akili haikuwapo.

Hali hiyo haiishii mezani. Abiria hupitishwa kituo chake akiwa macho. Mwanafunzi husoma ukurasa mzima, akafika mwisho asikumbuke hata sentensi moja. Mzazi humsikiliza mwanawe akisimulia mambo ya shuleni, akaitikia vizuri tu, kumbe moyoni anapiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Mwaka 2010, wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowahusisha watu wazima 2,250. Watu hao waliulizwa kwa njia ya simu, katika nyakati mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na wakijisikiaje.

Ilibainika kuwa katika takriban asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yao yalikuwa mbali na jambo walilokuwa wakilifanya. Aidha, watu walikuwa na furaha ndogo zaidi pale akili ilipokuwa ikizurura kuliko pale ilipotulia kwenye kazi iliyokuwa mbele yao.

Je, akili inayozurura inaweza kufundishwa kurudi nyumbani? Wataalamu wanasema inawezekana, na stadi inayotumika kuifundisha ndiyo inayoitwa uzingativu.

Uzingativu ni nini?

Kwa maneno mepesi, uzingativu ni kuelekeza akili kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa, ndani ya mwili au nje yake, bila kuliharakisha kulihukumu kuwa ni jema au baya. Mtu anapozingatia pumzi, anaijua pumzi. Anapokasirika, anatambua kwamba hasira imeingia, kabla hasira hiyo haijaushika usukani.

Ikumbukwe kuwa uzingativu si kuifuta akili ikawa tupu. Hakuna binadamu aliye hai asiyewaza. Stadi yenyewe ni kutambua kwamba mawazo yameondoka, kisha kuyarudisha kwa upole, mara moja, mara kumi, mara mia. Kila unaporudi, umefanya zoezi.

Asili yake ni mafundisho ya kale ya Kibudha, ambamo hujulikana kwa neno la lugha ya Kipali, sati. Mwaka 1881 mwanazuoni Mwingereza, Thomas William Rhys Davids, alilitafsiri neno hilo kwa Kiingereza, na tafsiri yake ndiyo iliyoenea duniani hadi leo.

Aliyeiingiza stadi hiyo hospitalini ni Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo, ambao tiba za kawaida hazikuwa zimewaondolea tatizo lao lote.

Wanafunzi wa kozi hiyo hukutana mara moja kwa wiki kwa takriban saa mbili na nusu, hufanya mazoezi nyumbani karibu kila siku, na hutenga siku moja nzima ya ukimya. Mazoezi hayo yalitolewa bila ibada, ili mgonjwa wa dini yoyote, au asiye na dini, aweze kuyatumia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki wazo hili si geni kabisa. Waislamu wanaifahamu khushuu, yaani ule utulivu wa moyo ndani ya swala. Wakristo nao wanaijua sala ya kimya. Mafunzo ya uzingativu hayachukui nafasi ya ibada ya mtu. Yanamfundisha namna ya kuituliza akili mahali ilipo.

Kinachotokea mwilini

Mwili wa binadamu umeumbwa na king'ora cha hatari. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, pumzi huwa fupi na usagaji wa chakula hupungua. Yote haya humwandaa kukimbia au kupambana.

Tatizo ni kwamba king'ora hicho hulia pia kwa ajili ya deni, mtihani, maneno ya bosi au ujumbe wa simu uliosomwa usiku wa manane. Nyoka akipita, mwili hupoa. Deni halipiti upesi, na akili hulirudia tena na tena, kila mara ikikibonyeza king'ora upya.

Hapo ndipo pumzi inapoingia. Upumuaji wa polepole, hasa ambao kutoa pumzi huchukua muda mrefu kuliko kuivuta, huichochea neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Neva hiyo hupunguza mapigo ya moyo. Hii ndiyo sababu mtu aliyetoka kwenye hatari hushusha pumzi ndefu bila hata kufundishwa.

Hata hivyo, kazi kubwa ya uzingativu haipo kwenye mapafu. Ipo katika kuuona mnyororo mapema: wazo linakuja, mwili unakaza, hasira inapanda, neno linatoka. Anayeuona mnyororo katika pingu yake ya kwanza au ya pili bado ana nafasi ya kuchagua. Anayeuona baada ya neno kutoka hubaki na majuto, na kama wahenga walivyosema, majuto ni mjukuu.

Stadi sita za kuanzia

Zifuatazo ni stadi zinazofundishwa sana kwa wanaoanza. Hazihitaji kifaa chochote wala chumba maalumu.

Ya kwanza ni kuifuata pumzi. Keti kwenye kiti au mkeka, mgongo ukiwa wima bila kukaza. Fumba macho au yaelekeze sakafuni. Usiibadilishe pumzi, iache iingie na kutoka yenyewe. Chagua mahali pamoja unapoisikia vizuri, ama puani, kifuani au tumboni, na uweke akili hapo. Ikiondoka, tambua imekwenda wapi, kisha irudishe. Anza na dakika tano.

Ya pili ni kuupitia mwili. Lala chali au keti. Anza na vidole vya miguu: vina joto au baridi, vinawasha au vimetulia? Panda polepole hadi kwenye nyayo, magoti, tumbo, mabega, taya na paji la uso. Wengi hugundua kwa mara ya kwanza kwamba wameuma meno mchana kutwa. Si lazima ulegeze kitu; kutambua tu kunatosha, na mara nyingi misuli hulegea yenyewe.

Ya tatu ni kula kwa kuzingatia. Katika kozi ya Kabat-Zinn, somo la kwanza hufanywa kwa zabibu kavu moja tu. Mwanafunzi huitazama, huigusa, huinusa, huiweka ulimini, kisha huitafuna taratibu. Msomaji anaweza kutumia kipande cha embe, tende au karanga chache. Baada ya hapo, chagua mlo mmoja kwa siku ambao simu itakaa mbali.

Ya nne ni kutembea kwa kuzingatia. Unapokwenda kituoni au dukani, sikia kisigino kikigusa ardhi, wayo ukifuata, kisha vidole vikisukuma. Stadi hii huwafaa watu ambao kukaa kimya huwazidishia wasiwasi.

Ya tano ni kuyapa mawazo majina. Wazo likija, lisemee kimoyomoyo: "hili ni wazo la wasiwasi", "hii ni mipango", "hii ni hasira". Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "nitafeli" na kusema "nina wazo kwamba nitafeli". Sentensi ya kwanza ni hukumu. Ya pili ni taarifa, na taarifa huweza kuchunguzwa.

Ya sita ni kituo cha dakika tatu. Dakika ya kwanza, jiulize: nawaza nini, nahisi nini, mwili unasemaje? Dakika ya pili, kusanya akili yote kwenye pumzi. Dakika ya tatu, panua umakini uuguse mwili mzima na mahali ulipo. Zoezi hili hufaa kabla ya kuingia kwenye usaili, kabla ya kujibu ujumbe uliokuudhi, au mara tu unapofika nyumbani kabla ya kufungua mlango.

Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki Januari 2022, aliwafundisha wanafunzi wake kuuchukulia mlio wa simu kama kengele ya kuwarudisha kwenye pumzi kabla ya kupokea. Ni mbinu rahisi inayokigeuza kile kile kinachotuvuruga kuwa ukumbusho.

Funzo kutoka kambi ya Rhino

Wapo wanaodhani kuwa mambo haya ni anasa ya watu wenye nafasi, waliokwisha kula wakashiba. Mfano uliotokea jirani, kaskazini magharibi mwa Uganda, unaonyesha vinginevyo.

Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp wanaishi watu wengi waliokimbia vita Sudan Kusini. Huko, watafiti walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani walijaribu mafunzo yaliyojengwa juu ya stadi za uzingativu na za kuzikubali hisia ngumu badala ya kupigana nazo.

Wanawake 694 waliokuwa na msongo wa mawazo walihusishwa, kutoka vijiji 14 vya makazi hayo. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi vilipata mafunzo kamili, na vingine vilipata maelezo mafupi kuhusu msongo na mahali pa kupata msaada.

Mafunzo yalikuwa ya vikao vitano, kimoja kila wiki, kila kimoja kikichukua takriban saa mbili. Wanawake walikaa katika vikundi vya watu 20 hadi 30 wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kila mmoja alipewa kitabu cha picha ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukifuata. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu waliopewa mafunzo mafupi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Miezi mitatu baada ya mafunzo, wanawake waliohudhuria walikuwa wamepungukiwa na msongo wa mawazo zaidi ya wenzao ambao hawakuyapata.

Mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa picha kwa watu wote, wenye stadi tano: kutia nanga mahali ulipo, kujinasua kutoka kwenye mawazo, kutenda kwa kufuata yale unayoyathamini, kuwa mwema kwako na kwa wengine, na kuzipa hisia ngumu nafasi.

Stadi ya kutia nanga ni ya kujifunza kwanza, kwa kuwa hutumika wakati wa dhoruba ya hisia. Kandamiza nyayo chini. Nyoosha mikono au kutanisha viganja. Pumua polepole. Kisha taja vitu vitano unavyoviona na vitatu unavyovisikia. Nanga haiondoi dhoruba baharini. Inakizuia chombo kisichukuliwe na maji hadi dhoruba ipite.

Utafiti unasema nini?

Katika miaka ya karibuni uzingativu umetangazwa kama dawa ya kila kitu. Msomaji anapaswa kujua kipi kimethibitika na kipi ni biashara.

Mwaka 2014, jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500. Wachunguzi walikuta ushahidi wa wastani kwamba mafunzo hayo hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakukuta ushahidi kwamba yanashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo.

Kwa upande wa sonona inayojirudia, wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliunganisha mafunzo ya uzingativu na tiba ya kurekebisha fikra. Uingereza ilianza kuipendekeza tiba hiyo katika mwongozo wake wa matibabu mwaka 2004, kwa watu waliokwisha kuugua sonona mara tatu au zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet uliwafuatilia wagonjwa 424 wa aina hiyo kwa miaka miwili. Asilimia 44 ya waliopata mafunzo huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa walirudiwa na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 47 ya walioendelea na dawa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema kuwa njia moja imeishinda nyingine.

Mwaka 2022, utafiti wa Marekani uliowahusisha watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi ulionyesha kuwa kozi ya wiki nane ilipunguza wasiwasi kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha dawa ya esitalopramu.

Lakini mwaka huo huo zilikuja pia habari za kupunguza shauku. Jaribio kubwa lililofanyika Uingereza kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 lilibaini kuwa kuwafundisha uzingativu vijana wa miaka 11 hadi 14, darasa zima kwa pamoja, hakukuwa na manufaa zaidi ya masomo ya kawaida ya malezi. Wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Kwa hiyo mzazi asimlazimishe mtoto. Stadi hii haiingii kwa amri.

Makosa ya wanaoanza

Kosa la kwanza ni kutafuta utulivu kwa nguvu. Anayejilazimisha kutulia ni sawa na anayeyapiga maji kwa mkono ili yaache kutikisika. Kazi yako ni kuzingatia. Utulivu huja kama mgeni, siku nyingine huja na siku nyingine hauji.

Kosa la pili ni kujilaumu akili inapoondoka. Kuondoka kwake si kushindwa. Bila kuondoka kusingekuwa na kurudi, na kurudi ndilo zoezi.

Kosa la tatu ni kuanza na saa nzima kisha kuacha baada ya siku mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika tano za kila siku zina faida kuliko saa moja ya siku ya mapumziko.

Kosa la nne ni kuusubiri msiba ndipo uanze. Nahodha hajifunzi kutweka tanga wakati chombo kinazama. Stadi hizi hujengwa siku za kawaida ili zipatikane siku ngumu.

Ratiba ya mwezi mmoja

Wiki ya kwanza, fuata pumzi kwa dakika tano kila asubuhi kabla ya kugusa simu. Wiki ya pili, ongeza kuupitia mwili kwa dakika kumi kabla ya kulala, na mlo mmoja bila simu. Wiki ya tatu, weka kituo cha dakika tatu katikati ya siku ya kazi. Wiki ya nne, yape mawazo majina kila unapohisi hasira au hofu ikipanda, na mwisho wa siku andika mstari mmoja wa ulichokiona.

Kwa upande wa umakini kazini, chagua kazi moja, zima milio ya simu kwa dakika 25, na kila akili inapotoroka irudishe kama ulivyokuwa ukiirudisha kwenye pumzi. Ni zoezi lile lile, ila badala ya pumzi kuna jalada au kitabu.

Tahadhari

Stadi hizi si salama kwa kila mtu wakati wote. Mapitio ya tafiti 83 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikadiria kuwa takriban asilimia 8 ya watu wanaofanya mazoezi ya aina hii hupata athari zisizopendeza, hasa wasiwasi na huzuni.

Aliyepitia vita, ubakaji au ajali mbaya anaweza kukuta kwamba kufumba macho na kukaa kimya humrudishia picha za tukio. Mtu huyo afungue macho, asimame, akandamize nyayo chini, atazame vitu vilivyomzunguka, na asiendelee bila msaada wa mtaalamu.

Aidha, anayetumia dawa za sonona, shinikizo la damu au ugonjwa mwingine asiziache kwa sababu amejisikia vizuri baada ya mazoezi. Uamuzi huo ni wa kufanya pamoja na daktari. Na anayewaza kujidhuru amweleze mtu wake wa karibu leo hii na kufika kituo cha afya. Hapo si mahali pa kukaa peke yako na pumzi.

Jambo la mwisho ni la haki. Uzingativu haulipi kodi ya nyumba, haumpunguzii kazi mfanyakazi aliyelundikiwa za watu watatu, wala haumbadilishi mume mpigaji. Anayeambiwa "pumua tu" wakati anaonewa ana haki ya kukataa. Stadi hii ikitumika vema humpa mtu kichwa kilichotulia cha kudai haki yake. Haikuwekwa ili imzoeshe dhuluma.

Basi msomaji, kabla hujaendelea na habari nyingine, weka nyayo zote mbili chini. Sikia pumzi moja ikiingia hadi mwisho wake, na ikitoka hadi mwisho wake. Kama akili yako ilikwisha kwenda kwingine kabla pumzi haijakamilika, usijilaumu. Irudishe, kwani hapo ndipo somo linapoanzia.